Siku tisa za kuufuata Mkataba wa Arusha mpaka Kigali

Mimi na Baba Mdogo tumerudi Jumamosi usiku kutoka Rwanda, tulikoufuata mkataba wa amani kati ya serikali ya nchi hiyo na waasi wa RPF, uliosainiwa kwetu Arusha mwaka 1993. Haya nimeyaandika upya kutoka kwenye daftari langu na picha za simu, maana mwandiko wa ndani ya basi mwingine hausomeki. Gharama nimezinukuu siku ileile nilipolipa.

Ijumaa, 4 Agosti 2023. Arusha

Mama yangu aliuza chapati na chai nje ya uzio wa AICC, jumba la mikutano ya kimataifa, miaka mingi, mpaka magoti yalipomkatalia. Mwaka 1992 na 1993 wateja wake wazuri walikuwa makarani na walinzi waliokuja na wajumbe wa mazungumzo ya amani ya Rwanda. Anasema wa serikali walikaa upande wa mti, wa RPF upande wa geti, na hawakusalimiana. Siku moja mvua ikashuka ghafla, wote wakabanana chini ya turubai lake moja. Walikunywa chai bila kusemeshana, lakini walikunywa.

Leo imetimia miaka 30 tangu mkataba ule utiwe saini hapa kwetu. Nilisimama nje ya jengo asubuhi, magari yanapita, hakuna aliyekuwa na habari. Mimi mwenyewe nina duka la steshenari hatua chache kutoka hapo, na mpaka mwaka jana nisingeweza kukueleza kilichosainiwa. Aliniuliza mwanafunzi aliyekuja kutoa fotokopi, nikababaika. Nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma nikaona sitatulia mpaka nikaione ile ardhi yenyewe.

Kwa kifupi: tarehe 4 Agosti 1993 Rais Juvénal Habyarimana na mwenyekiti wa RPF, Alexis Kanyarengwe, walitia saini mbele ya Rais Mwinyi. Mkataba ulitaka serikali ya pamoja, wakimbizi warudi, na majeshi mawili yawe moja. Katika jeshi hilo askari asilimia 60 wangetoka serikalini na 40 RPF, lakini maafisa wangekuwa nusu kwa nusu. Chukua hizo namba, tutazihitaji mbele.

Jioni alifika Baba Mdogo kutoka Usa River, na begi moja na chupa ya chai. Alikuwa dereva wa lori. Mwaka 1994 alibeba mahindi ya msaada kutoka Isaka hadi kambi ya Benaco, Ngara. Tangu wakimbizi walipoondolewa Desemba 1996 hajakanyaga tena njia ile. Nilipomwambia nakwenda, alinijibu tu: "Usiende peke yako, mwanangu."

Kwa atakayefuata: pasipoti ni shilingi 150,000, na usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ianzeni mapema, msingoje wiki ya safari.

Jumamosi, 5 Agosti. Arusha hadi Kahama

Nauli 55,000 kila mmoja, basi la saa kumi na mbili asubuhi. Makuyuni, Babati, tukaenda vizuri. Kabla ya Katesh, chini ya mlima Hanang, mkanda wa feni ukakatika. Basi halikuwa na wa akiba. Kondakta akapanda bodaboda kwenda kuutafuta, sisi tukakaa pembeni ya barabara saa tatu na nusu kwenye upepo wa vumbi.

Mama mmoja wa nyumba ya jirani alituona tuna watoto wachanga miongoni mwetu. Akaleta sufuria ya uji wa mtama na vikombe vinne vya bati, tukapokezana abiria wote. Nilipompa elfu tano alirudisha mkono nyuma kama nimemchoma. "Hamkuja kwangu kununua, mmekwama."

Hapo ndipo Baba Mdogo aliniuliza vita ile ya Rwanda ilianzaje, kwa sababu yeye aliikuta imefika mwisho. Nikamweleza nilichosoma. Watoto wa Watutsi waliokimbia Rwanda kuanzia 1959 walikulia kambini Uganda, wengi wakaingia jeshi la Museveni, wakapigana mpaka wakashika vyeo. Tarehe 1 Oktoba 1990, sasa wakiwa RPF, wakavuka mpaka kuingia Rwanda pale Kagitumba chini ya Fred Rwigyema, meja jenerali mwenye jina kubwa. Kesho yake Rwigyema akauawa. Jeshi likachanganyikiwa, likarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Paul Kagame alikuwa masomoni Marekani. Alirudi akaliokota lililobaki akalipeleka kwenye milima ya Virunga, juu kwenye baridi.

"Wakafa kwa baridi?"

Wapo waliokufa kwa baridi. Lakini Januari 23, 1991 waliteremka usiku wakauvamia mji wa Ruhengeri, wakafungua gereza, wakapotea tena milimani. Tangu siku hiyo serikali ya Kigali ilijua kwamba vita havijaisha.

Mkanda ukafika. Singida tulikula kuku wa kienyeji na ugali, 8,000 sahani, na sijutii hata senti. Sekenke, Igunga na Nzega zilipita gizani. Kahama saa saba usiku. Gesti 20,000, maji ya ndoo.

Jumapili, 6 Agosti. Kahama hadi Benaco

Noah mpaka Nyakanazi, nyingine mpaka Benaco, jumla 32,000 kwa mtu. Malori mengi, mashimo machache, usingizi. Kuanzia Lusahunga Baba Mdogo aliacha kusinzia akawa anataja vituo kabla hatujavifika.

Benaco leo ni mji mdogo wa malori: gesti, mafundi wa matairi, mama lishe, ndizi kila kona. Tulikula wali na maharage kwa 3,000. Jua lilipokaribia kuzama akanichukua hadi nyuma ya nyumba akanionyesha bonde na vilima. "Kote huko unakoona kijani. Hema, hema, hema. Asubuhi moshi wa kuni ulikuwa unalala chini kama ukungu, huoni taa za lori la mbele." Nikasubiri aendelee, hakuendelea.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Wengi wao walikuwa Wahutu wakilikimbia jeshi la RPF lililokuwa likishuka upande wa mashariki. Ndani ya umati huo walikuwamo mama na watoto wasio na hatia, na walikuwamo pia watu waliotoka kuua majirani zao Watutsi wiki ileile, katika mauaji ya kimbari. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika vilevile mauaji ya raia yaliyofanywa na askari wa RPF katika kusonga kwao. Niliandika yote matatu kwenye ukurasa mmoja, kwa sababu pale Benaco yalilala chini ya turubai zinazofanana.

Gesti 15,000. Taa ya umeme, choo cha nje, neti nzima isiyo na tundu.

Jumatatu, 7 Agosti. Rusumo hadi Kigali

Saa mbili asubuhi mpakani. Maafisa wa nchi zote mbili wako jengo moja, tulimaliza kwa dakika 40. Msichana wa dirishani upande wa Rwanda aliposoma Arusha kwenye pasipoti yangu alisema kwa Kiswahili safi, "Kwenye mahakama." Wengi wanaijua Arusha hivyo: mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa AICC hadi mwisho wa 2015, na mwaka 1998 ndiyo iliyomtia hatiani Jean-Paul Akayesu, hukumu ya kwanza ya mauaji ya kimbari kutolewa na mahakama ya kimataifa.

Maporomoko yanaunguruma chini, Akagera rangi ya chai ya maziwa. Mwezi Mei 1994 mto huu ulibeba maiti mpaka Ziwa Viktoria. Nilitaka tusimame darajani. Baba Mdogo alipita akitazama visigino vya mtu wa mbele yake, akaenda kukaa juu ya begi upande wa pili.

Ya kujua: mifuko ya plastiki iache Tanzania, wanaikamata. Magari yanapita kulia, kwa hiyo ukivuka barabara tazama kwanza kushoto. Rudisha saa nyuma kwa saa moja. Badilisha hela kidogo tu mpakani, mimi shilingi mbili na nukta zilinipa faranga moja, na Kigali walinipa bei nzuri zaidi. Na hili la adabu: usimuulize mtu yeye ni kabila gani. Hata kwa nia njema, usiulize.

Basi hadi Kigali faranga 4,000. Tulilala Nyamirambo, mtaa wenye Kiswahili chake. Mwenye gesti, mzee wa kofia, alitukaribisha: "Ndugu zangu wa Tanzania, hapa munakula kwanza." Ndizi za kuchoma, mishikaki ya mbuzi, na mtindi mzito wanaouita ikivuguto. Chakula hakutaka tulipe usiku huo. Chumba faranga 15,000 tukagawana.

Jumanne, 8 Agosti. Kigali, jengo la bunge

Kwetu ni Nane Nane. Tulipanda pikipiki hadi Kimihurura. Jumba la makumbusho ya kampeni ya kukomesha mauaji ya kimbari limo ndani ya jengo la bunge lenyewe, lile lililoitwa CND. Beba kitambulisho, unakaguliwa getini, na uliza kabla ya kupiga picha. Waafrika Mashariki wana kiingilio chao nafuu.

Ukuta wa ubavuni una matundu. Wameyaacha makusudi. Moja niliingiza ngumi yangu, ikazama mpaka kwenye kifundo, na ndani kingo za saruji bado ni kali, hazijalainishwa na mvua ya miaka yote hii. Juu ya paa kuna sanamu ya askari na bunduki kubwa ya rashasha.

Mkataba wa Arusha uliruhusu viongozi wa RPF wakae Kigali wakisubiri serikali ya pamoja, wakilindwa na askari wao 600. Walifika hapa Desemba 28, 1993 wakisindikizwa na walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Serikali ya pamoja haikuapishwa, ikaahirishwa na kuahirishwa. Tayari Oktoba 21 rais wa Burundi, Melchior Ndadaye, alikuwa ameuawa na wanajeshi, na waliokuwa hawautaki mkataba wakapata hoja ya kuwatisha watu. Redio ikahubiri chuki, mapanga yakagawiwa.

Aprili 6, 1994 Habyarimana alikuwa anarudi kutoka Dar es Salaam, kwenye mkutano wa marais uliozungumzia utekelezaji wa mkataba huohuo. Ndege ilitunguliwa ikikaribia kutua Kanombe, uwanja wa ndege wa Kigali, na rais mpya wa Burundi, Cyprien Ntaryamira, alikuwa ndani. Usiku huo vizuizi vikawekwa barabarani. Asubuhi Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana akauawa, na walinda amani 10 wa Kibelgiji. Kuanzia hapo ni siku 100 ambazo ndani yake walikufa zaidi ya watu 800,000, na Rwanda inahesabu kupita milioni, Watutsi na Wahutu waliokataa kuua.

Wale 600 walizingirwa humu na jeshi lililo kubwa mara nyingi kuliko wao, wakipigwa kwa mizinga. Mchana wa Aprili 7 walianza kutoka nje ya uzio kupigana na kuokoa watu. Kesho yake jeshi kubwa la RPF likaondoka Mulindi, makao yao ya kaskazini, kwa miguu. Aprili 11 wa kwanza wakafika kuwaongezea nguvu.

Kwangu hapa ndipo vita vilipogeukia. Kama kifungu kile cha askari 600 kingefutwa mezani Arusha, nani angekuwa Kigali usiku ule kupigana na wauaji? Wakati huohuo, Aprili 21, Baraza la Usalama liliamua walinda amani 2,500 wapunguzwe wabaki 270. Nilikaa kwenye ngazi za nje kwa muda. Baba Mdogo akanimiminia chai.

Jumatano, 9 Agosti. Mulindi

Kutoka stendi ya Nyabugogo tulichukua gari la Gatuna, faranga 2,000 na ushee, tukashuka njia panda ya Mulindi. Dereva wa pikipiki alitaka 1,500 kwa mtu, ila alipojua Baba Mdogo ana miaka 71 alimpeleka yeye bure, akarudi kunichukua mimi.

Bonde lote ni chai, kijani kilichokatwa sawasawa kama kimepigwa pasi. RPF waliuteka ukanda huu Juni 1992, wakafanya Mulindi makao makuu. Ushindi huo ndio ulioisukuma serikali kukaa mezani, na usitishaji vita ukasainiwa Arusha Julai 12 mwaka uleule. Kuna nyumba aliyoishi Kagame, na kando yake handaki. Unateremka ngazi za udongo, unainama, harufu ni ya ardhi mbichi na mbao. Nafasi ya meza ndogo na kitanda.

Nikiwa humo ndani ndipo nilipozielewa zile asilimia. Novemba 1992 mazungumzo yakiendelea, Habyarimana aliyaita makubaliano karatasi tu, kwenye hotuba yake Ruhengeri. Mapema 1993 Watutsi wakauawa kaskazini-magharibi. Februari 8, 1993 RPF wakavunja usitishaji vita, wakasonga mpaka kiasi cha kilomita 30 kutoka Kigali. Wafaransa wakaongeza askari. Maelfu kwa maelfu ya wakulima wakakimbia mashamba, na njaa na hasira zao zikaja kutumiwa vibaya na wachochezi. Mwezi Machi walikutana Dar es Salaam, RPF wakakubali kurudi nyuma, na eneo waliloachia likawa halina jeshi la upande wowote. Wajumbe waliporudi kwetu Arusha, mizani ilikuwa imeshabadilika: ile 40, na ile nusu kwa nusu ya maafisa, zilipatikana kwenye vilima hivi. Na kwa sababu hiyohiyo wakubwa wa jeshi la zamani waliuona mkataba kuwa ni kushindwa kulikoandikwa, wakaanza kujiandaa na lingine.

Tulirudi na mvua. Kulala palepale.

Alhamisi, 10 Agosti. Kicukiro

Siku hii nilimfuata mtu mmoja. Boniface Ngulinzira alikuwa waziri wa mambo ya nje, ndiye aliyeongoza ujumbe wa serikali Arusha na kuyatetea mazungumzo kwa dhati. Wakubwa wa Kigali walimchukia kwa hilo, na Julai 1993, kabla ya saini, hakuwa tena waziri. Kazi aliifanya yeye, sherehe wakaifanya wengine.

Mauaji yalipoanza alikimbilia shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, pamoja na zaidi ya watu 2,000, kwa kuwa palikuwa na kambi ya walinda amani wa Kibelgiji. Aprili 11 Wabelgiji wakaondoka. Wauaji walikuwa nje ya uzio wakingoja. Ngulinzira aliuawa siku hiyohiyo. Wale wengine walisukumwa kwa miguu kupanda hadi Nyanza ya Kicukiro, wakauawa pale, wakabaki wachache.

Tulitembea njia ile. Kutoka shuleni ni mwendo wa kupanda, kwa hatua za Baba Mdogo ilituchukua karibu saa nzima na kupumzika mara mbili. Kuna maduka ya simu, saluni, watoto wanatoka shule. Huko juu kuna bustani ya kumbukumbu na makaburi mapana yaliyofunikwa vigae. Mlinzi, dada wa makamo, hakutuuliza kitu. Alitupa viti viwili akavisogeza kivulini, akasimama mbali.

Aprili 11. Ni siku ileile askari wa Mulindi walipofika CND, upande mwingine wa mji huuhuu. Walipoufikia mlima huu usiku waliwatoa majeruhi waliokuwa bado wanapumua kati ya maiti.

Yaliyofuata yalikwenda hatua kwa hatua. RPF hawakuuvamia mji mara moja, waliuzunguka: mashariki hadi Rusumo mwisho wa Aprili, uwanja wa ndege na kambi ya Kanombe Mei 22, Gitarama Juni 13, Kigali yenyewe Julai 4. Gisenyi ikaanguka siku ya 18, na Julai 19 serikali mpya ikaapa, na sehemu ya misingi yake ikiwa ni mkataba uleule wa Arusha.

Jioni sikula.

Ijumaa, 11 Agosti. Kigali hadi Kahama

Rusumo saa tano. Safari hii Baba Mdogo alitangulia mwenyewe mpaka kwenye uzio wa daraja, akashika chuma kwa mikono miwili.

Akasema: "Mwezi wa tano, foleni ya kushusha mahindi. Mwanamke akanijia, ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Hasemi Kiswahili, anaonyesha dumu langu la maji, la lita 20, la kuongezea rejeta. Nikampa lote, na dumu lake. Nikajua limekwenda. Siku ya pili nimelala chini ya lori, mtu ananigusa mguu. Ni yeye. Amelirudisha, ameliosha, kifuniko amekifunga na kipande cha mpira kisipotee. Watu laki mbili na nusu pale, mwanangu, akanitafuta kwa namba ya gari."

Hakumwona tena. Jina lake hakulijua.

Tulivuka. Kahama saa nne usiku, gesti ileile.

Jumamosi, 12 Agosti. Kahama hadi Arusha

Basi halikuharibika. Pale karibu na Katesh nilimwomba dereva apunguze mwendo, nikampungia yule mama, sijui kama aliniona. Jumla nimetumia 548,000 bila pasipoti, pamoja na zawadi ya majani ya chai ya Mulindi kwa mama.

Asubuhi yake nilimsindikiza Baba Mdogo Usa River. Dumu lipo, nimelipiga picha. Limepauka kutoka njano kuwa karibu nyeupe, na wameliweka kwenye kigoda nje ya mlango, la maji ya kunawa. Kile kipande cha mpira kilishakatika zamani. Mke wake alifunga kingine mahali palepale.